Mama Yao Alikuwa Wapi

Nilikabidhiwa kikundi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Aliyekuwa akikiongoza, fundi wa mabomba, alipata kazi Mombasa akaondoka wiki hiyo hiyo, na pasta alipouliza nani atachukua nafasi yake, dada yangu akasema mimi naandika vizuri na nilifika kidato cha pili. Ikawa imeisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa nimewahi kuongoza kitu chochote, hata wimbo.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tuliishi Kianda, upande wa juu wa Kibera, Nairobi, mimi na dada yangu na watoto wake wawili, katika chumba kimoja cha kupanga. Kikundi chenyewe kilikutana kule chini Gatwekera, kila Jumamosi saa tisa mchana, nyumbani kwa seremala mmoja na mke wake. Seremala alikuwa ametengeneza mabenchi mawili marefu yanayoingia chini ya kitanda, na siku ya kikundi aliyavuta nje, tukakaa magoti yakigusana. Tulikuwa watu kumi hivi, karibu wote tumetoka magharibi, watu wa Kakamega, Vihiga, Busia. Tuliimba, tukasoma kifungu ambacho pasta alikuwa amevipangia vikundi vyote kwa wiki hiyo, halafu kiongozi akauliza maswali ili watu wazungumze.

Nilinunua daftari jipya. Nikakaa na kifungu cha kwanza, ile habari ya msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi na mgeni akamwokota, nikaandika maswali ishirini kwa kalamu ya buluu na kuyapigia mstari kwa nyekundu. Alikuwa akitoka wapi? Akienda wapi? Ni wangapi waliompita? Alipakwa nini kwenye vidonda? Nilikuwa naandika maswali niliyoyajua mimi, yale ya shuleni, ambayo mwalimu anauliza akiwa na jibu mkononi.

Jumamosi ile maswali ishirini yaliisha kwa dakika kumi na tano. Aliyejibu alikuwa mmoja tu, mzee aliyekuwa mpishi wa bweni la shule hadi alipostaafu. Yeye alijua kila kitu katika Biblia. Nikiuliza, anajibu kabla sijafika mwisho wa sentensi, wengine wanaitikia kwa kichwa. Baada ya swali la ishirini tulitazamana. Askari mmoja wa usiku, ambaye alilinda nyumba moja Lavington na alikuja kwetu moja kwa moja akitoka kulala usingizi mfupi, alikuwa ameegemea ukuta macho yamefumba. Mke wa seremala akaanzisha wimbo kuniokoa. Tulipotoka, seremala aliniambia kwa upole kwamba nilijitayarisha vizuri sana, na kwamba tumemaliza mapema. Nilipanda hadi Kianda nikiwa na uso wa moto.

Wiki iliyofuata nikabadilisha. Niliandika maswali magumu, yenye maneno kama "umuhimu" na "funzo kuu". Hapo hata mpishi alinyamaza. Wiki ya tatu tulikuwa watu watano.

Kazi yangu ilikuwa Kawangware. Nilishona yunifomu za shule katika duka la fundi mmoja, tulikuwa wasichana wanne kwa cherehani nne. Kila asubuhi nilitembea kutoka Kianda, nikavuka Ngong Road, nikapanda hadi huko, na jioni nikarudi kwa njia hiyo hiyo. Mbele ya duka kulikuwa na veranda ya simenti, na kwenye kona ya veranda alikaa mama mmoja wa Kitui akisuka viondo, vile vikapu vya kubeba begani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliweka viondo vilivyokamilika kwenye msumari ukutani na nyuzi za katani kwenye mapaja, na vidole vyake havikukaa bure. Tulisalimiana kila siku, lakini hatukuwa tumezungumza kitu cha maana.

Saa ya chakula nilikuwa nakaa pale verandani na daftari, githeri inapoa. Siku moja akaniuliza, "Hiyo barua unaandikia nani? Tangu juzi haiishi."

Nikamwambia si barua, ni maswali ya kikundi cha Biblia, na kwamba nimeshindwa. Nilisema haraka, kama mtu anayekiri kosa kwa mgeni kwa sababu hatamwona tena, ingawa yeye nilikuwa namwona kila siku. Akacheka kidogo. Kumbe yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha tawi letu la Kawangware. Nilikuwa nimesikia habari za kikundi hicho. Watu walisema ukichelewa hupati pa kukaa, na kwamba wengine hutoka Riruta kuja kusikiliza. Sikuwa nimejua kiongozi ni yeye.

"Nisomee," akasema.

Kifungu cha wiki hiyo kilikuwa kile cha dada wawili waliopata mgeni, mmoja akakaa miguuni pake kusikiliza, mwingine akahangaika na kazi za nyumba hadi akalalamika. Nikasoma. Yeye akaendelea kusuka bila kuniangalia. Nilipomaliza akasema nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza, "Sasa, mwishowe nani alipika?"

Nikatazama kitabu. Nikamwambia haijaandikwa.

"Najua haijaandikwa. Lakini watu walikula. Nani alipika?"

Nilidhani ni mzaha. Lakini sikuwa na kingine, kwa hivyo Jumamosi nilienda Gatwekera na swali hilo moja. Wanawake walizungumza saa nzima. Mke wa seremala alisema yeye amekuwa akiudhika na kifungu hicho tangu msichana, kwa sababu wahubiri wote wanaume humlaumu yule aliyekuwa jikoni na baadaye huuliza chakula kiko wapi. Dada yangu akasema labda wote wawili waliinuka baadaye wakapika pamoja, na labda mgeni mwenyewe alimenya vitunguu. Seremala alisikiliza akikuna kidevu. Tulipofunga kwa sala, nilimwona akiinuka kukusanya vikombe, jambo ambalo sikuwa nimeona akifanya.

Tangu siku hiyo tukawa na mpango wetu. Saa ya chakula mimi nasoma, yeye anasikiliza, halafu anauliza. Hakuuliza maswali mengi. Siku nyingine ni moja tu, siku nyingine anasema, "Leo sijasikia kitu, tusome kesho." Aliniita mwiitu, yaani msichana kwa Kikamba, nami nilimwita mama. Nilikuwa naandika anachosema kwenye daftari, kisha naongeza maneno yangu mawili matatu ili lisionekane tupu.

Ilinichukua miezi miwili kuelewa kwa nini alitaka nisome mimi kila mara. Siku moja mteja alimwachia karatasi yenye vipimo na rangi za viondo alivyotaka. Mama akaitazama muda mrefu, akaikunja, na mteja alipoondoka akanipa. "Hebu niambie anataka vya rangi gani. Jua linanichoma macho." Hakukuwa na jua, tulikuwa kivulini. Nikamsomea rangi moja moja. Kisha akasema mwenyewe, sauti ya chini, kwamba hajawahi kuingia darasani. Binti yake alikuwa akimsomea vifungu, lakini ameolewa Machakos mwaka uliopita. Kwenye kikundi chake hakuna anayejua. Huwa anamwambia mmoja, "Soma wewe, una sauti nzuri," na watu hufurahi kusifiwa sauti.

"Wakijua wataniondoa," akasema. "Kiongozi hawezi kuwa mtu hajui kusoma."

Nikamwahidi sitasema.

Kisha ikafika wiki ya ile habari ya baba mwenye wana wawili, yule mdogo anachukua urithi wake na kuupoteza mbali, halafu anarudi. Kila mtu anaijua. Nilimsomea mara mbili nikijiambia kwamba hii haina jipya. Mama akasokota uzi kwenye paja lake, akakata kwa meno.

"Mama yao alikuwa wapi?"

Nikamwambia Biblia haimtaji mama.

"Ndiyo maana nauliza."

Swali lile lilinitisha. Nilihisi kama tunaongeza kitu kwenye Biblia, na nilimwogopa mpishi. Kwa hivyo niliandika maswali manne ya salama na la mama nikaliweka mwisho kabisa, nikisema kama muda utaisha basi.

Muda haukuisha. Nilipolisoma, mpishi akasema kwa hakika kwamba mama hatajwi kwa sababu alikuwa amekufa. Mke wa seremala akakataa, akasema karamu kubwa kama ile haikupikwa na maiti. Watu wakacheka. Halafu yule askari wa Lavington akazungumza. Alikuwa ameegemea ukuta kama kawaida, na hakufungua macho.

"Alikuwa jikoni," akasema. "Kila jioni anasonga ugali wa watu wote, na wa yule ameenda. Anaufunika na sahani. Asubuhi anawapea kuku."

Seremala akamuuliza amejuaje. Askari akafungua macho, akaangalia sakafu, akasema binamu yake alimletea habari kwamba mama yake hufanya hivyo nyumbani, huko Vihiga. Yeye mwenyewe hajaenda kwa miaka kumi na mmoja. Mwanzoni alikuwa anangoja apate kitu cha kupeleka. Kila mwaka kitu hakikutosha. Baadaye miaka yenyewe ikawa ndiyo aibu, kubwa kuliko mikono mitupu. Alisema haya yote kwa sauti ile ile ya chini, kisha akauliza, "Sasa nikienda leo, nitasema nini?"

Nilifungua daftari kana kwamba jibu limo. Mke wa seremala ndiye aliyejibu.

"Hutasema kitu," akasema. "Utakula."

Askari aliomba likizo. Kabla ya kwenda alinitaka niandike barua, nikaandika mistari michache kwenye karatasi ya daftari langu, kwamba atafika Jumapili ya pili ya mwezi wa nane. Alikaa wiki mbili. Aliporudi alikuwa na gunia la viazi vitamu begani, akatugawia pale Gatwekera, na akasimulia kwa kifupi, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama yake haoni vizuri tena. Alimshika masikio yote mawili kama anavyoshikwa mtoto mtukutu, akamuuliza kwa nini amekonda. Basi. Hakuuliza lingine. Tangu hapo askari alikwenda kwao kila mwaka, na kwenye kikundi aliacha kulala.

Habari hiyo ilizunguka. Mwezi mmoja baadaye tulikuwa watu kumi na saba, wengine wamesimama mlangoni. Pasta alikuja kutazama, akakaa mwisho wa benchi na goti lake kwenye goti la mpishi. Alikuwa kijana wa Machakos, ametoka chuoni karibuni, mwenye hamu ya kupanga mambo. Alipenda alichoona. Akaniuliza kama ningekubali kuzungumza kwenye semina ya viongozi wa vikundi vyote, kanisani Riruta, nieleze ninavyotayarisha maswali.

Nilikubali. Nilishona sketi mpya.

Siku ya semina kulikuwa na viongozi kama thelathini. Mama wa viondo alikuwa safu ya tatu, kitambaa cheupe kichwani. Nilipewa dakika ishirini na nikazitumia zote. Nilisema mimi huomba kwanza. Nilisema mimi husoma kifungu mara mbili, halafu hutafuta mtu ambaye hakutajwa. Nikawapa mfano wa nani alipika, nikawapa wa mama yao alikuwa wapi, nikasimulia habari ya askari bila kumtaja jina. Watu waliandika. Mmoja alifuta machozi. Nilipomaliza walipiga makofi, na mama wa viondo alipiga makofi pamoja nao. Sikumtaja. Sikusema hata kwamba nilisaidiwa. Wakati nazungumza nilijiambia kwamba nimemwahidi kutunza siri yake, na ni kweli nilimwahidi. Lakini ningeweza kusema "mama mmoja aliniuliza" na siri ingebaki siri. Nilijua hivyo hata pale mbele.

Tulirudi Kianda kwa miguu na dada yangu. Tukavuka Ngong Road.

"Na yule mama wa viondo?" akauliza. Nilikuwa nimemweleza mambo ya saa ya chakula, ila ile siri sikumwambia.

"Sikupata nafasi."

"Ulipewa dakika ishirini."

Alinunua sukuma wiki njiani, tukapika, tukala, akanitakia usiku mwema kama siku zote. Ingekuwa rahisi kama angenigombeza.

Jumatatu mama alinisalimia vile vile. Saa ya chakula nilitoka na Biblia, akasema leo hatusomi, ana oda. Jumanne pia alikuwa na oda. Nilimtazama vidole. Havikuenda kwa kasi ya mtu mwenye oda. Nilirudi ndani nikashona kola nne kinyume, ikabidi nizifumue zote, na fundi mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Jumatano sikuleta Biblia. Nilikaa kwenye simenti karibu naye nikamwambia nimekosa. Nikasema maswali yalikuwa yake, nikasimama nikayafanya yangu mbele ya watu, na sababu haikuwa siri yake. Sababu ni kwamba nilipenda jinsi walivyonitazama.

Akamaliza mzunguko aliokuwa akisuka.

"Nilipokuona umesimama pale, niliomba Mungu usinitaje," akasema. "Niliogopa pasta ataniita mbele, anipe kitabu, aseme hebu tusomee. Kwa hivyo uliponyamaza nilishukuru. Halafu nikakaa pale, na iliniuma. Yote mawili, mwiitu. Nilikuwa nashukuru na ilikuwa inauma."

Nikamwambia nitakwenda kwa pasta jioni hiyo nimweleze kila kitu. Akaniwekea mkono kwenye goti, mara ya kwanza kunigusa.

"Usiende. Ukisema wewe, mimi nitakuwa yule mama amesemwa. Wacha nitafute siku yangu."

Kisha akaniuliza kifungu cha wiki ni kipi. Nilikuwa nimeacha Biblia nyumbani, kwa hivyo nilimsimulia ninavyokumbuka. Akanirekebisha mara mbili.

Siku yake haikuchelewa. Kwenye mkutano wa viongozi uliofuata, pasta alikuja na bahasha ya karatasi zilizopigwa chapa. Kwa sababu semina ilifaulu, alisema, tangu sasa kila kiongozi ataandika maswali yake matano kila wiki, ayalete kanisani yasomwe na kuwekwa kwenye faili. Akaanza kugawa. Mama alipopewa yake aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akainuka.

"Pasta," akasema, "mimi hii siwezi. Sijui kuandika. Na kusoma sijui. Nimeongoza kikundi miaka minne hivyo."

Nje kulikuwa na mtu anapiga misumari kwenye mabati. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa ofisi, mwenye kalamu tatu mfukoni, akasema kwa utaratibu kwamba hili ni jambo zito. Kiongozi lazima aweze kusoma, la sivyo atajuaje kama watu wanapotoka? Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema alichoamini, na wengine kadhaa walikuwa wanaitikia kwa kichwa.

Nilisimama. Nilisema yale maswali waliyoyapigia makofi mwezi uliopita, yote, lile la jikoni na lile la mama na mengine wanayoyatumia sasa kwenye vikundi vyao, hakuna hata moja lililotoka kwangu. Yalitoka kwa mama huyu. Mimi nilikuwa nasoma tu, na wakati nilipaswa kusema hivyo nilinyamaza. Nikaketi. Sketi yangu mpya ilikuwa imeshikwa na msumari wa kiti, nikausikia uzi ukikatika.

Pasta alikuwa bado amesimama na bahasha yake. Alimuuliza mama, "Swali unalipataje?"

"Nasikiliza mahali msomaji anaharakisha," akasema. "Mtu akisoma, kuna mahali anapita mbio, kwa sababu anadhani anapajua. Mimi hapo ndipo nasimama."

Mzee wa kanisa akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye nilikuja kujua aliandika maneno hayo hayo.

Pasta alizikusanya karatasi zake moja moja, akazirudisha kwenye bahasha. Alisema hakufikiri vizuri. Kuanzia wiki hiyo viongozi watatayarisha wawili wawili, mmoja asome, mwingine asikilize, wabadilishane kama wanaweza, na kama hawawezi basi kila mtu afanye anachoweza. Mzee wa kanisa alitaka iandikwe kwamba ni majaribio. Ikaandikwa hivyo. Majaribio hayo yaliendelea kwa miaka yote niliyokuwa kule.

Jumamosi niliwaeleza watu wa Gatwekera pia, kwa sababu wao ndio niliowadanganya kwa muda mrefu zaidi. Mke wa seremala alisema kitu kimoja tu, kwamba angependa kumwona huyo mama. Askari akasema angependa kumshika mkono. Tulipomaliza, mpishi alibaki. Alizunguka zunguka akijifanya kusukuma mabenchi, mpaka tukawa wawili mlangoni. Akaniuliza kama mama huyo ana umri gani. Nikamwambia. Akakohoa. Akasema yeye ana sitini na nane, na kwamba aya zote anazozijua alizishika kwa masikio, miaka thelathini jikoni na redio ikiwa juu ya kabati. Hajawahi kusoma hata moja.

"Unafikiri gumbaru wanachukua mtu kama mimi?" akauliza.

Gumbaru ndilo jina tuliloliita darasa la watu wazima. Lilikuwepo moja Riruta, karibu na kambi ya chifu, mara tatu kwa wiki kuanzia saa nane. Nilimwambia mama wa viondo juu ya mpishi, bila kutarajia chochote, na Jumatatu iliyofuata alifunga viondo vyake mapema akaondoka verandani na daftari chini ya kwapa. Mpishi alipanda kutoka Gatwekera hadi huko kwa miguu, na fimbo yake. Walikaa dawati moja. Mama alinieleza kwamba mpishi hujibu maswali ya mwalimu kabla hajamaliza kuyauliza, na kwamba mwalimu, binti wa umri wangu, amemweka mbele ili amwone vizuri.

Haikuwa kazi ya haraka. Kuna msimu mama aliacha kwa sababu ya mgongo, na kuna mwezi mpishi alisema herufi zinamchukia. Mimi niliendelea kusoma saa ya chakula. Taratibu nikaanza kusikia mwenyewe mahali ninapoharakisha, na siku nyingine nilikuja na swali langu, nikimwangalia uso kama litapita. Mengine yalipita. Mengine alisema, "Hilo unajua jibu lake tayari," nikalifuta.

Miaka miwili baadaye, Jumapili moja kule Riruta, pasta alitangaza kwamba somo la siku litasomwa na mama wa kikundi cha Kawangware. Tulikuwa tumekuja wengi kutoka Kibera. Kwetu somo husomwa watu wakiwa wamesimama, kwa hivyo kanisa zima likainuka. Mama akaenda mbele na miwani ya mtumba iliyomkaa puani vibaya, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Alisoma mistari kumi na miwili. Alisoma kama anavyosuka, mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila kuruka. Kwenye neno moja refu alikwama, na mtu wa safu ya mbele akafungua mdomo kumsaidia, mama akainua mkono wa pili kumzuia. Tukangoja. Mtoto akalia, akatolewa nje, akarudishwa. Mama akalipata neno, akalisema lote, akaendelea. Wakongwe walikuwa wameshikilia migongo ya viti. Mpishi alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili, midomo yake ikienda pamoja na ya mama, neno kwa neno, na sikujua kama anasoma au anakumbuka.

Alipomaliza alivua miwani, akainua uso, akashtuka kutuona sote bado tumesimama.

"Kaeni basi," akasema. "Mmechoka."